Upande Wangu wa Kitabu cha Nyimbo

Mchungaji, wazee wa kanisa, kina mama, vijana wa kwaya, Sabato njema. Kiongozi wa kwaya aliniomba nisimame mbele yenu niseme faida ya kuimba katika ibada. Nilikubali upesi, kisha nikajuta wiki nzima. Nitasema kwa Kiswahili kwa sababu wageni wetu kutoka upande wa ziwa wako hapa, na Kiswahili changu ni cha darasa la nne, kingine nilikiokota wodini. Mnivumilie.

Mimi si mwalimu. Nitawaeleza nilivyougua na nilivyopona, basi. Ndani yake mtaona kuimba ni kitu gani, na mtaniona mimi nilivyokuwa. Pengine baada ya leo wengine wenu hamtanisalimia vile mlivyozoea. Nimeamua iwe hivyo.

Miaka ile ya kwanza baada ya Uhuru nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa mke wa Baba Moraa, na tulikuwa na watoto wawili. Shamba letu lilikuwa huku juu, karibu na Nyaramba: migomba upande wa mto, wimbi katikati, na pareto upande wa barabara. Nilikuwa na nguvu kama fahali. Nilibeba gunia la pareto kavu kichwani mpaka sokoni huku nikiimba, na watu wa ng'ambo ya bonde walijua Mama Moraa anapita.

Sauti hiyo ilinivimbisha kichwa, sitawaficha. Kwenye kwaya nilikuwa sauti ya kwanza, na ubeti wa peke yake ulikuwa wangu kila mara. Mwingine akijaribu kuuimba, nilikuwa nakohoa kidogo ili mwalimu wa kwaya akumbuke niko hapo. Nilicheza na kukohoa kabla kukohoa hakujaanza kunicheza mimi. Wakati wa maombi nilikuwa nikiwaza juu ya noti za juu. Mahubiri nikiyasikia, ni kwa sababu yamekuwa marefu.

Kwaya yetu ilikuwa na watu kumi na wanane na vitabu tisa vya nyimbo. Kwa hiyo kila kitabu kilishikwa na watu wawili, mmoja ukurasa wa kushoto, mwingine wa kulia, vichwa vimegusana. Mwenzangu wa kitabu alikuwa Nyanchama. Tuliolewa kijiji kimoja, mwaka mmoja, na nyumba yake iko mashamba mawili chini ya yetu. Yeye aliimba sauti ya pili. Mnajua sauti ya pili ilivyo: ikiwepo hakuna anayeisikia, isipokuwepo wote wanauliza kumeharibika nini. Nyanchama alikuwa hivyo hata nyumbani. Nilipojifungua mtoto wa pili, yeye ndiye aliyenichotea maji mwezi mzima na hakumwambia mtu.

Mvua za masika zilipoanza mwaka ule, nilianza kukohoa. Sikujali. Pareto ikikosa jua tulikuwa tunaikaushia ndani ya nyumba, na ninyi mlioilima mnajua lile vumbi lake. Linawasha pua, linakuna koo, nyumba nzima inapiga chafya. Nikasema ni pareto. Baba Moraa akasema ni pareto. Mpaka hapo hakuna mwenye kosa.

Lakini pareto ilikauka, ikauzwa, vumbi likafagiliwa, na mimi niliendelea kukohoa. Nilikunywa asali na ndimu. Nilijifukiza kwa majani ya mkalitusi mpaka macho yakavimba. Nilimeza mayai mabichi kwa ajili ya sauti. Kila jioni nilipata homa ndogo, na asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho. Nilipofunga sketi yangu ya kwaya niliikunja mara mbili kiunoni na kuibana kwa pini. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwa mtu wa kuzungusha maneno, aliniangalia nikipakua uji akasema, "Unaisha. Kesho nenda kwa daktari."

"Nitaenda baada ya makambi, mama."

"Makambi yatakuponya?"

"Ni wiki sita tu."

Hapo ndipo kosa lilipoanza. Makambi ya mwezi wa nane, zile ibada zetu za mahemani, yangekuwa makubwa, makanisa yangetoka mpaka Keroka na Ogembo, na mwalimu wa kwaya alikuwa amenipa ubeti wa peke yangu katika wimbo wa mwisho. Nilijua nikienda hospitali nitazuiwa. Nikajikaza kisabuni.

Mazoezi yalikuwa Alhamisi, jua likiwa bado juu. Siku moja tulipofika katikati ya wimbo kikohozi kilinishika ghafla. Niliziba mdomo kwa mkono, na nilipouondoa, tone lilianguka pembeni mwa ukurasa. Lilikuwa damu. Nyanchama alikuwa amegeuka kumtazama mwalimu. Nililifuta kwa kidole gumba, nikafunga kitabu, nikasema nimechoka.

Alhamisi iliyofuata tulifungua ukurasa uleule. Alama ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia. Nyanchama akaigusa kwa kidole.

"Mama Moraa, hii imetoka wapi?"

Wiki nzima nilikuwa nikitayarisha jibu. "Ni utomvu wa ndizi. Nilikata mkungu nikaja bila kunawa vizuri."

"Utomvu hautoki," akasema. "Nguo yangu moja iliharibika hivyohivyo." Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Utomvu wa ndizi ukikauka ndivyo ulivyo, na mimi nilikuwa rafiki yake. Tukaendelea kuimba, kichwa changu na chake kwenye kitabu kimoja, pumzi yangu ikimwingia.

Nikibanwa na kikohozi katikati ya wimbo, Nyanchama alikuwa akipandisha sauti yake kunifunika mpaka nipate pumzi. Alifikiri ananisaidia. Mimi pia nilifikiri ananisaidia, na nilimshukuru.

Makambi yalifika. Sabato mchana niliimba ubeti wangu. Nataka mjue niliimba vizuri, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mahema yote yalinyamaza. Kina mama walilia. Nilipomaliza mzee mmoja alisema kwa sauti, "Ee Nyasae!" yaani Ee Mungu, na mimi nikajisikia kama jina hilo ni langu. Tuliposhuka jukwaani nilikwenda nyuma ya hema la jikoni, nikainama kwenye majani ya migomba, na damu ikatoka mdomoni, si tone, bali kikombe kizima. Nikaanguka. Aliyenikuta chini na kunifuta mdomo kwa leso yake mwenyewe alikuwa Nyanchama.

Kesho yake Baba Moraa na mama yake walinipeleka hospitali mjini Kisii. Walinipiga picha ya kifua. Daktari aliinua ile picha dirishani akaniuliza, "Umekohoa tangu lini, mama?"

"Wiki mbili."

"Tangu masika, daktari," akasema mama mkwe. "Huyu anaimba. Waimbaji ni waongo."

Daktari hakucheka. Alinionyesha pafu la kulia, mahali palipokuwa na shimo. "Hiki ni kifua kikuu. Kinatibika, usiogope. Lakini utakaa hapa miezi kadhaa, na ukitoka utameza dawa zaidi ya mwaka. Ukiacha katikati, utarudi, na safari hiyo sitakuahidi kitu."

Nilisikia neno moja tu. Siku hizi mnasema tibii kama mnavyosema malaria. Wakati ule jina hilo lilitamkwa kwa kunong'ona, na nyumba iliyoingiwa nalo, binti zake hawakuolewa wala majirani hawakuja kuomba moto. Nilimshika Baba Moraa mkono. "Waambie kanisani ni nimonia," nikamwomba. Hakupenda, lakini alikubali.

Jioni ile sista wa wodi alikuja kitandani na karatasi. "Nipe majina ya watu unaolala nao nyumba moja, na wanaokaa karibu yako sana mara kwa mara. Tuwapime."

Nikamtajia mume wangu, watoto wawili, mama mkwe.

"Mwingine?"

Nilimwona Nyanchama wazi kabisa, hata zile nywele zilizokuwa zikinigusa sikio tukiinamia kitabu. Nilijua mhudumu wa afya akifika kwake, kwaya nzima itajua. Watasema Mama Moraa alisimama makambini na ugonjwa ule mdomoni. Nilitaka wanikumbuke nikiimba.

"Hakuna mwingine," nikasema.

Sista akaandika, akaenda. Ndugu zangu, hiyo sentensi yangu ya maneno mawili nimeibeba mpaka leo.

Watoto, mume wangu na mama mkwe walipatikana wazima, nikamshukuru Mungu kwa mdomo mkubwa. Kila asubuhi nilidungwa sindano ya matakoni, siku moja upande huu, siku moja ule, mpaka pakawa pagumu kama ngozi ya ngoma na kukaa ikawa kazi. Vidonge vilikuwa vikubwa na vilinichafua tumbo. Mwezi wa tatu masikio yakaanza kulia, kelele nyembamba kama nyenje, mchana kutwa. Sikusema mapema, mnaona nilivyokuwa na tabia ya kutosema. Niliposema, sindano zilibadilishwa, lakini sauti nyembamba za juu zilikuwa zimeshaniponyoka masikioni. Hazijarudi. Leo ndege wadogo wakilia naona midomo yao tu.

Kitanda cha pili kutoka kwangu alilala bibi mmoja Mkatoliki kutoka upande wa Ogembo, Nyanya Teresia tulimwita. Kila asubuhi kigari cha sindano kilipoanza kulia mlangoni, alianza kuimba. Jamani! Aliimba kama bawaba isiyotiwa mafuta. Hakuanza noti sawa, hakumaliza sawa, na katikati alipita anakotaka. Siku moja nilishindwa kuvumilia.

"Nyanya, unajua wimbo huo unaukosea?"

"Najua," akasema. "Siimbi ili wewe usikie. Naimba ili nisiogope sindano. Mungu naye anasikia, akitaka." Kisha akanitazama kwa jicho moja. "Na wewe Msabato, chai hunywi, sasa hata kuimba umeacha? Nasikia ulikuwa mwimbaji."

Nilifunika uso kwa blanketi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejaribu. Sabato ya kwanza wodini nilianza wimbo ule wa makambi, polepole, na nilipofika mahali Nyanchama anapoingia, pakawa kimya. Niliona ile alama ya kahawia mbele ya macho yangu. Nikaacha wimbo hapohapo. Tangu siku hiyo sikuimba. Daktari alifikiri ni mapafu.

Ilinichukua miezi minne. Asubuhi moja Nyanya Teresia alikuwa na homa na hakuweza kuanza wimbo wake. Aliniambia, "Niimbie, mwanangu, kigari hicho kinakuja." Badala ya kuimba nililia, na nikamweleza yote: tone, utomvu, majina. Nilitarajia aniambie nisali. Wazee wa kwetu wangeniambia nisali.

Alisema, "Ukimaliza kulia mwite sista. Mambo ya Mungu utayamaliza baadaye, yeye haendi mahali. Huyo mwanamke ndiye anayekwenda."

Nikamwita sista. Alinisikiliza bila kunigombeza, na hiyo iliniuma kuliko kugombezwa. Siku iyo hiyo alituma ujumbe. Siku tatu baadaye mlango wa wodi ulifunguliwa, na Nyanchama akaingia akiwa ameshikwa mkono na mumewe. Sikumtambua mpaka alipotembea. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Aliponiona alitabasamu kwa furaha, masikini, akafungua mdomo kunisalimia, na hakuna sauti iliyotoka. Upepo tu.

Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye koromeo. Nilimsikia daktari akimweleza mumewe mlangoni: "Maisha yake tutayaokoa. Sauti sina hakika. Angekuja miezi mitatu minne mapema ingekuwa mambo mengine. Hakuna mtu aliyewaambia mje kupimwa?"

"Tuliambiwa Mama Moraa ana nimonia," mumewe akajibu.

Nilipiga moyo konde nikabeba kigoda mpaka kitandani kwake. "Nyanchama, ule haukuwa utomvu."

Hakuelewa mara moja. Kisha nikaona anakumbuka. "Ulijua?" aliuliza kwa upepo ule.

"Nilijua ni damu. Sikujua ni ugonjwa gani. Nilipojua, niliulizwa majina ya watu wa karibu. Sikukutaja."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kwaya."

Ningependa angenitukana. Aligeukia ukutani. Hakusema nami siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwezi huo. Nilimletea maji, aliyanywa. Nilimkunjia blanketi, alikubali. Hakuniangalia.

Lakini sikilizeni nilichokiona. Nyanya Teresia alipata nafuu akarudia bawaba zake. Asubuhi moja alipoanza, niligeuza kichwa nikamwona Nyanchama. Alikuwa amelala chali, macho yamefumba, na midomo ilikuwa inatembea. Hakuwa na sauti hata chembe. Niliifuata ile midomo yake na nikajua anachofanya: alikuwa anaimba sauti ya pili. Wimbo wa Kikatoliki asioujua, unaoimbwa na bibi anayeukosea, na yeye ameutafutia sauti ya pili na anaiimba mahali ambapo hakuna mwanadamu awezaye kuisikia. Mimi niliyenyamazisha mahema yote sikuwa nimewahi kuimba hivyo hata siku moja. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Niliruhusiwa kurudi nyumbani kabla yake. Baba Moraa alinisimamia vidonge kila asubuhi, mwaka na nusu, akingoja nimeze ndipo aende shambani. Nikishindwa na kichefuchefu alikuwa anasema, "Meza kidonge, utapike lawama tu." Mwili ukarudi. Sketi ikafunguliwa mikunjo. Daktari alipopiga picha ya mwisho alisema shimo limefunga, limebaki kovu. Nilishukuru kwa machozi. Lakini kanisani nilikaa mstari wa nyuma kabisa, mdomo umefungwa. Mwalimu wa kwaya alikuja mara mbili kunibembeleza. Sikuweza kumwambia kwamba masikio yameharibika, na kwamba hata yangekuwa mazima sikuwa na haki. Nilikuwa nimeichukua sauti ya mwenzangu, sasa nisimame nitoe yangu? Nilikula kiapo sitaimba tena mpaka nife. Nilifikiri hiyo ndiyo toba.

Nyanchama alitoka hospitali miezi saba baada yangu. Sabato yake ya kwanza kanisa lilijaa. Alisalimiwa na kila mtu, akiitikia kwa ule upepo wake, na mimi nilikuwa nyuma nikitazama sakafu. Tulipoambiwa tusimame tuimbe, niliona viatu vinakuja, vinasimama karibu na vyangu. Nilisikia karatasi zikifunguliwa. Kilikuwa kitabu kilekile cha kwaya. Ukurasa uleule, na alama ipo, imekolea.

Aliweka kidole gumba juu ya ile alama, akaifunika yote. Akasukuma nusu ya kitabu kwangu.

"Shika upande wako," akasema. "Mkono unanichoka."

Nikashika. Kanisa likaanza. Yeye hakuwa na sauti, na mimi sikuwa na masikio. Nilijua naenda pembeni kwa sababu watoto wa mstari wa mbele waligeuka kutucheka. Niliimba beti zote nne. Nililia mbili kati ya hizo.

Hajawahi kuniambia amenisamehe. Miaka imepita, watoto wetu wameoana na wa vijiji vingine, na sijamuuliza. Nimeogopa jibu, na pia naona sina haki ya kulidai. Anajua nilichofanya, na kila Sabato anakuja na kitabu.

Basi, ushauri. Ukikohoa wiki tatu, nenda ukapimwe, hata kama makambi ni kesho, hata kama ubeti ni wako. Ukiulizwa majina, yataje yote. Dawa ukipewa, meza mpaka ya mwisho. Namshukuru Mungu kwa daktari, kwa sista, kwa Baba Moraa, kwa mama mkwe wangu aliyesema waimbaji ni waongo, na kwa Nyanya Teresia, ambaye sikumwona tena. Na ninyi vijana wa kwaya, mmeniuliza faida ya kuimba. Nilipokuwa na sauti sikuijua, kwa hiyo msiitafute kwenye sauti. Tazama mwenzako wa kitabu anapumua vipi. Akikosa pumzi, mpeleke hospitali, usimfunike.

Naona kiongozi wa kwaya anatazama saa. Wimbo wa kufunga ni wetu sisi wawili, na mkisikia tunaukosea, mnajua sasa kwa nini. Nyanchama, njoo mbele. Lete kitabu. Leo kidole kiondoe, waione.